Sura ya Sita: Mali Hurithiwa, Kutoa Hufunzwa

Ukienda kumtazama mgonjwa Muhimbili, swali la kwanza ni moja: amelazwa wapi, Mwaisela, Kibasila au Sewahaji? Kwa watu wengi Sewahaji ni jengo tu, lenye vitanda ndani, na nje ndugu waliobeba chupa za chai na mabakuli ya uji wakingoja saa ya kuona wagonjwa. Wachache wanajua kwamba Sewa Haji alikuwa mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851, katika familia ya Waismaili waliotoka Kutch, magharibi mwa India. Utajiri wake ulitokana na misafara ya bara: aliiuzia vitambaa, shanga na waya, akaitafutia na wapagazi wa kubeba mizigo. Henry Morton Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alifanya biashara na kijana huyu, na kitabuni mwake akalalamika kirefu kwamba kijana anamzungusha na kumpunja. Miaka ishirini na ushei baadaye, kijana huyohuyo alijenga shule Bagamoyo akaikabidhi serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Hospitali yenye jina lake ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1897, mwaka aliofariki. Mwaka 1956 huduma zikahamia hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, ila inaishia njiani, maana moyo huzikwa na mwenyewe. Jina la Sewa Haji limedumu kwa kuwa serikali tatu mfululizo, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya wananchi, ziliendelea kuihitaji hospitali. Watoaji wangapi wa zama zake hawakupata bahati hiyo? Visima vyao vilifukiwa, mashamba yao yaliuzwa na wajukuu, na majina yao hayajulikani hata kwa majirani.

Kutoa mara moja kunahitaji moyo na mali. Kutoa kwa vizazi vitatu au vinne kunahitaji kitu cha ziada, na kitu hicho ndicho kiini cha sura hii. Familia nyingi huamini kwamba mtoto wa mkarimu atakuwa mkarimu kwa damu. Historia ya pwani yetu haisemi hivyo. Inasema kwamba mali hurithiwa yenyewe, hata mrithi akiwa amelala. Kutoa hakurithiwi mpaka kuwekewe utaratibu, msimamizi na hesabu, na mpaka mtoto apewe kazi ya kufanya kabla hajapewa fedha.

Walitoa walipochuma

Tuanze na familia ambayo karibu kila mkazi wa Dar es Salaam analitaja jina lake bila kuifikiria. Kiongozi au msanii maarufu akifariki, tangazo husema mwili utaagwa katika viwanja vya Karimjee. Ukumbi wa Karimjee ni zawadi ya familia ya wafanyabiashara Mabohora ambao mkubwa wao, Jivanjee Budhabhoy, alifika Unguja kutoka Mandvi, Kutch, karibu mwaka 1818. Mwanawe Karimjee ndiye aliyeipa biashara jina lililodumu. Walianza na bidhaa za kila mfanyabiashara wa Unguja wa enzi hizo, karafuu na pembe zikiwamo. Vizazi vilivyofuata vikaingia kwenye katani na baadaye magari.

Tazama zawadi zao zilipo. Unguja, mji uliowapa mtaji wa kwanza, miaka ya 1950 palikuwa na hospitali iliyoitwa Karimjee Jivanjee. Tanga, mji wa katani, palikuwa na shule ya sekondari ya Karimjee. Dar es Salaam, uliokuwa mji mkuu wa siasa na biashara, ukapata ukumbi. Kila mahali walipochuma, waliacha kitu. Huenda hawakuwahi kuiandika kanuni hiyo popote, lakini mtoto aliyekulia ndani ya familia ile hakuhitaji kuisoma. Aliiona kwa macho kila alipofuatana na wakubwa kutoka mji hadi mji.

Kutoa huko kulikwenda sambamba na kutumika. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, kisha wa Bunge, tangu 1956 hadi mwishoni mwa 1962 alipompisha Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wabunge wa taifa jipya walikutana ndani ya ukumbi wenye jina la familia ya Spika wao, na ukumbi huo uliendelea kutumiwa na Bunge kwa miaka mingi kabla shughuli hazijahamia Dodoma.

Kisha yakaja mabadiliko. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hospitali ya Unguja ikapewa jina la V. I. Lenin, leo ni Mnazi Mmoja. Shule ya Tanga ikaitwa Usagara. Azimio la Arusha la 1967 likayafikia mashamba ya katani. Familia iliyokuwa ikitoa kwa sababu imejaaliwa ilijikuta imepokonywa sehemu kubwa ya ilichokuwa nacho, na majina yake yakifutwa kwenye kuta ilizozijenga.

Hapo ndipo familia nyingi zingesema basi. Nani angewalaumu? Lakini mfuko wa familia, Karimjee Jivanjee Foundation, upo hadi leo, na kwa miaka mingi umekuwa ukiwalipia masomo ya chuo kikuu wanafunzi wanaoshinda mashindano ya Young Scientists Tanzania. Huenda wengi wa wazazi wao hawajawahi kukanyaga duka la Karimjee. Mimi nasoma funzo moja hapa: sadaka iliyokaa kwenye chombo chake yenyewe, nje ya mfuko wa mkubwa wa familia, inaweza kuvuka hata hasara iliyoiangusha biashara. Inayokaa mfukoni huanguka pamoja na mfuko.

Mali iliyofungwa

Mabohora na Waismaili hawakuleta wazo hilo pwani, walilikuta. Karne nyingi kabla yao, misikiti ya Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja ilikuwa ikiwashiwa taa na kutandikwa mikeka kwa mali ya wakfu.

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachotoka ndani yake, kodi ya nyumba au nazi za shamba, ndicho kinachokwenda kwa walengwa. Mfano mkuu wanaoutaja masheikh ni wa Umar bin al-Khattab. Alipata shamba zuri huko Khaybar katika mwaka wa saba wa Hijria, akamwendea Mtume kutaka ushauri, akashauriwa aifunge asili na kuyatoa mazao. Akawataja wanufaika: maskini, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni. Akaruhusu msimamizi ale kiasi cha kawaida bila kujilimbikizia. Na msimamizi aliyemteua ni binti yake Hafsa, kisha baada yake watu wenye busara katika familia.

Angalia mpango ulivyokamilika. Kuna mali, kuna wanufaika, kuna ujira wa msimamizi, na kuna mrithi wa kazi ya usimamizi. Umar hakuwaachia watoto wake shamba. Aliwaachia jukumu juu ya shamba.

Pwani ya Afrika Mashariki ililichukua umbo hilo na kulivisha sura ya kwake. Mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, kwa mfano, aliweza kuandika mbele ya kadhi kwamba ghorofa ya juu wakae wanawe na wazao wao, na duka la chini lipangishwe, kodi yake inunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti wa mtaa, na Ramadhani ikifika itoke futari. Hati ilitaja mipaka minne, majirani wa kila upande, jina la mutawali, yaani msimamizi, na sharti la mwisho: kizazi kikikatika, yote yaende kwa maskini. Wengine waliweka wakfu shamba la minazi ili wasomewe khitma. Wengine kisima pamoja na fedha za kamba na ndoo, maana kisima kisicho na kamba ni shimo tu.

Katika hati za Unguja za karne ya kumi na tisa kuna walengwa wengine wanaostahili kutajwa bila kupepesa macho. Wanahistoria waliozichambua wamekuta kwamba wenye mali wengi waliandika pia watumwa waliowaacha huru, pamoja na vizazi vyao, wapate pa kukaa na kulima. Unaweza kuusoma huo kama ukarimu. Unaweza pia kuuliza: mikarafuu ile ilipandwa na nani, na nazi zile zilianguliwa na nani? Mtu anayempa sehemu ya shamba yule aliyelilima bila ujira, je, anatoa sadaka au analipa kidogo katika deni kubwa? Maswali kama hayo yanaugusa pia utajiri wa misafara uliojenga hospitali na shule. Familia inayotaka kurithisha kutoa lazima iwaambie watoto mali ilikotoka, na si inakokwenda tu. Mtoto anayejua nusu ya habari hutoa kwa majivuno. Anayejua yote hutoa kwa adabu.

Kumpa mwanao ni sadaka?

Utaratibu huu wa wakfu ulikumbana na mtihani usiotarajiwa: mahakimu wa Kiingereza. Kwa sheria yao, sadaka lazima iwaendee watu baki au umma. Mtu akiandika kwamba nyumba yake iwanufaishe watoto wake, wajukuu na vitukuu, na maskini wapate pale tu ukoo utakapokwisha, wao waliona hiyo ni hila ya kukwepa madeni na kanuni za mirathi. Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la Malkia huko London, katika shauri lililotoka India, liliamua kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili. Waislamu wa India walipigania suala hilo mpaka sheria ya kuuhalalisha wakfu wa familia ikapitishwa mwaka 1913, na aliyeisimamia barazani ni Muhammad Ali Jinnah, aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan.

Sheria hiyo ya India haikuivuka bahari. Huku kwetu mahakama ziliendelea kufuata hukumu ya 1894, Zanzibar ikalazimika kutunga dikrii yake ya kuuhalalisha wakfu wa familia mwaka 1946, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shauri la familia moja ya Mombasa likafika London na kurudi na jibu lilelile: batili. Kenya nayo ikatunga Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951, iliyoutambua wakfu wa familia waziwazi.

Ugomvi huo haukuwa wa kisheria tu. Ulikuwa ugomvi juu ya maana ya kutoa. Katika mafundisho ya Kiislamu, sadaka kwa jamaa mhitaji inahesabiwa mara mbili: ni sadaka na ni kuunga udugu. Zaka ya faradhi ndiyo yenye mpaka. Mtu hawezi kuwapa wazazi au watoto wake, kwani kuwatunza hao ni wajibu wake tayari. Sadaka ya hiari haina mpaka huo. Mkazi wa Kibokoni, Mombasa, aliyeandika nyumba kwa ajili ya wazao wake alijua kwamba baada ya vizazi viwili vitatu, miongoni mwao watakuwapo wajane, mayatima na wasio na kazi. Alikuwa akiwawekea maskini wasiozaliwa bado, ambao wangekuwa na jina lake.

Lakini haki itendeke: mahakimu wale hawakuota tu. Wapo waliotumia wakfu kuwanyima mabinti fungu lao la mirathi, kwa kuandika wanufaika wa kiume peke yao. Ndiyo maana mafakihi, wajuzi wa sheria ya Kiislamu, waliweka kizuizi cha mapema: mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake bila ridhaa ya warithi, na wakfu uliowekwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Sadaka inayomdhulumu mrithi ni dhuluma iliyovaa kanzu.

Paa linalovuja

Tukitaka kujua kwa nini kutoa hukatika ndani ya familia, tusitazame walioacha kuamini. Tutazame paa.

Tuseme nyumba ya wakfu mjini Unguja inaleta kodi ya Sh 600,000 kwa mwezi. Mwekaji alikuwa na watoto wanne. Kila mtoto naye akapata wanne, na kila mjukuu wanne. Kizazi cha tatu kina watu 64, na fungu la kila mmoja kwa mwezi ni Sh 9,375. Kwa fedha hizo hakuna atakayeacha shughuli zake kwenda kukagua dari. Lakini kila mmoja ana sauti ya kutosha kuzuia kodi isitumiwe kununua chokaa. Mvua za masika zikija, maji yanaingia kwenye boriti za mikandaa zilizobeba sakafu ya juu, boriti zinaoza taratibu, na siku moja ukuta wa mawe ya matumbawe unaporomoka barabarani. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na hilo halijaizuia mvua.

Mafakihi waliujua ugonjwa huu wa kwanza zamani. Kanuni yao ni kwamba mapato ya wakfu hutengeneza mali kwanza, kisha ndipo wanufaika wapate kilichobaki. Sharti hili hutangulia hata mwekaji akiwa hakuliandika. Mutawali anayegawa fedha zote ili asigombane na jamaa anapendwa na kila mtu, naye ndiye anayeuua wakfu.

Ugonjwa wa pili ni mutawali anayekula. Akishika hati peke yake, akapokea kodi peke yake na kuandika peke yake, au asiandike kabisa, hata mwaminifu ataingia majaribuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi wizi hauanzi kama wizi. Huanza kama mkopo wa ada ya mtoto utakaorudishwa baada ya msimu wa karafuu. Msimu hupita, mtoto wa pili naye anaanza shule, na baada ya miaka kumi mutawali anaamini kwa dhati kwamba nyumba ni yake. Wanawe wakikua hawajui habari nyingine.

Ugonjwa wa tatu hutoka nje. Serikali ikiona mali isiyo na mlezi, huichukua, wakati mwingine kwa nia njema. Zanzibar iliunda Kamisheni ya Wakfu mapema katika karne ya ishirini, chini ya ulinzi wa Waingereza, na polepole mali ambazo familia zilikuwa zikizisimamia zikaingia mikononi mwa maofisa, na ziada ya mapato ikaelekezwa kwenye shughuli za umma. Baada ya 1964 ardhi ikatangazwa kuwa ya serikali, nyumba na mashamba mengi yakataifishwa, na wakfu kadhaa zikapotelea humo. Sheria ya 1980, kisha ya 2007, ziliiweka upya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo leo inashughulika pia na mirathi na zaka. Kamisheni hiyo ina kazi nzito: kufuatilia mali ambayo shahidi wa mwisho aliyejua mipaka yake amefariki.

Magonjwa haya matatu yana chimbuko moja. Mwekaji aliwarithisha wanawe manufaa, asiwarithishe kazi. Aliyezoea kupokea tu, hata akipokea kwa vizazi vitatu, hawi mtoaji.

Pishi na mtoto

Kazi hiyo hufunzwaje? Si kwa hotuba. Ingia nyumba yoyote ya Waislamu wa pwani siku moja au mbili kabla ya Idi ya Mfunguo Mosi, wakati wa kupima zaka ya fitri. Mfuko wa mchele umefunguliwa ukumbini juu ya mkeka. Mkubwa wa nyumba anahesabu vichwa kwa sauti: baba, mama, bibi aliyelala chumbani, watoto watano, na kichanga aliyezaliwa juzi. Tisa. Kila kichwa pishi moja, kilo mbili na nusu hivi. Jumla kilo ishirini na mbili na nusu. Mchele unapimwa mbele ya watoto, tena ule ule wanaokula wao, hauendi kutafutwa wenye chuya. Mdogo anashika mdomo wa mfuko, mkubwa anamimina, na punje zikimwagika zinaokotwa.

Kisha anaitwa mtoto wa miaka minane au tisa. Anaambiwa mfuko huu ni wa nyumba ya pili kutoka msikitini, na asipite barazani kwa watu.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Mama anakusalimu. Amesema nikuletee huu."

"Mwambie nimepokea. Mungu awazidishie."

Basi. Hakutaja sadaka, hakutaja umaskini, wala hakungoja kuona mfuko ukifunguliwa. Akirudi nyumbani anaulizwa mambo mawili: umemkuta, na hajambo? Haulizwi kama ameshukuru. Akienda kuwahadithia wenzake mtaani, atakemewa kuliko angevunja bilauri.

Ndani ya dakika hizo chache mtoto amejifunza mambo ambayo mfuko wowote mkubwa wa hisani unayatafuta kwa semina. Amejifunza kwamba kutoa kuna kipimo na kuna tarehe: fitri isiyotoka kabla ya sala ya Idi imechelewa. Amejifunza kwamba kila mtu anahesabiwa, hata kichanga ambaye hajui kuna kitu kinaitwa mchele. Amejifunza kumstahi anayepokea. Na kama nyumba yao nayo ni ya hali ya chini, amejifunza jambo kubwa zaidi, kwani fitri humlazimu kila mwenye ziada ya chakula cha usiku na siku ya Idi. Nyumba inayopokea mifuko mitatu asubuhi huweza kutoa wake mchana. Katika mpango huu hakuna ukoo uliozaliwa kutoa na ukoo uliozaliwa kunyoosha mkono.

Zaka ya mali inahitaji kiwango: mtu awe na thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa mwaka mzima ndipo atoe asilimia 2.5. Watoto wengi hawataiona ikihesabiwa. Pishi wanaliona. Kwa hiyo pishi ndilo darasa, na zaka ni mtihani utakaokuja baadaye kwa wachache. Familia za Kikristo zinazomkabidhi mtoto bahasha ya fungu la kumi aipeleke mbele mwenyewe zinafundisha somo hilohilo. Ukitaka kujua kama ukoo utaendelea kutoa baada ya babu kufa, usiulize ana nyumba ngapi. Uliza nani hubeba mfuko.

Ukoo wako na daftari lake

Leo kila ukoo una kikundi cha WhatsApp. Ikitokea harusi au msiba, michango inamiminika kwa simu, jina linaandikwa na kiasi mbele yake, na mhazini anasoma orodha kila jioni. Tusidanganyane kwamba Waswahili hatujui kuchanga wala kutoa hesabu. Tunajua sana. Tatizo ni kwamba orodha hiyo hufutika siku tatu baada ya shughuli, na mjukuu wa shangazi aliyekosa sare ya shule Januari hana kamati.

Chukua ukoo wenye watu wazima 12. Kila mmoja akiweka Sh 5,000 kwa mwezi, mwaka unafunga na Sh 720,000. Si fedha za kujenga hospitali. Ni sare, viatu na madaftari ya watoto kadhaa, au dawa za mzee mmoja asiye na mtoto. Ukubwa wa kiasi si hoja. Hoja ni kwamba kiasi hicho kisikae mfukoni mwa mjomba tajiri, kwa sababu mjomba atakufa, au atafilisika, au atagombana na mtu.

Mambo ya kupanga si mengi, na yote yametangulia katika sura hii. Andikeni lengo kwa sentensi moja na mahali litakapokwenda lengo hilo likikwisha, kama hati za zamani zilivyowataja maskini. Wekeni wasimamizi wawili au watatu, mmoja wao awe binti, kama alivyofanya Umar. Daftari lisomwe mbele ya wote mara moja kwa mwaka, siku ambayo ukoo hukutana kwa vyovyote, iwe Idi, Krismasi au kisomo cha marehemu. Kama kuna nyumba au shamba, matengenezo yatangulie mgawo. Mali ikiwa kubwa, isajilini: Tanzania Bara bodi za wadhamini husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu, na pwani ya Kenya wapo Makamishna wa Wakfu. Kusajili hakumzuii mwizi, lakini humfanya aonekane.

Halafu wapeni watoto kazi. Mwenye miaka tisa apeleke, mwenye kumi na mbili aandike, mwenye kumi na sita akae kwenye kikao na aulizwe: tumsaidie nani mwaka huu, na kwa nini huyu na si yule? Atakosea, na ni heri akosee sasa kwa Sh 50,000 wakati wakubwa wapo kuliko aje akosee kwa nyumba nzima wakiwa makaburini.

Kama una kitu cha kuwaachia wanao, usingoje maradhi ndipo umwite kadhi au wakili, kwani wakati huo theluthi moja tu ndiyo iliyo mikononi mwako. Anza ukiwa na afya yako, anza na kidogo, na waite waone unavyofanya. Watakachokiona ndicho watakachokiendeleza.